Vita vya vizibo Kigoma: tunagombea plastiki, mchezo uko kwenye kanuni

Tangu kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, iingie kwenye FTSE 100 mwezi Desemba 2024, habari hiyo haijaacha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa Kigoma. FTSE 100 ni orodha ya kampuni mia moja kubwa za soko la hisa la London. Humo mna mabenki, makampuni ya mafuta na ya dawa, na sasa mna kampuni inayouza askari wadogo wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole gumba, ambao mnunuzi huwaunganisha mwenyewe kwa gundi na kuwapaka rangi kwa brashi yenye nywele za kuhesabika. Kwa wengi ni kichekesho. Kwa vijana saba au wanane wa Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma, ambao kila Jumamosi jioni hulaza mlango wa mbao juu ya kreti za soda na kupigania sayari ambazo hazipo, ni ushahidi kwamba hawajarukwa na akili. Na kwa mtaa unaowazunguka imekuwa kuni mpya kwenye moto wa zamani. Upande mmoja unasema dadu ni kamari, kucheza vita ni kuita balaa, na yote ni mambo ya Wazungu. Upande wa pili, ambao umeongezeka tangu habari ya London ifike, unasema hii ni fursa: tuagize mzigo, tufungue duka, tununue printa ya 3D tujitengenezee askari wenyewe, tutoboe.

Nimekaa pembeni ya mlango ule kwa zaidi ya mwaka, mara nyingi nikishindwa, na nadhani pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba mchezo ni ile plastiki. Wanaoupinga wanaona bidhaa ngeni iliyoingia na uchafu wake, wanaoutetea wanaona bidhaa ngeni itakayoingia na faida yake. Ninachosema ni kwamba mchezo huu ni kanuni zilizoandikwa, meza, na watu wawili walio tayari kushindwa mbele ya watazamaji. Plastiki ni vazi tu. Ukishaliona hilo, karibu kila hoja inayopigwa mtaani inabadilika uzito, na ile moja iliyo nzito kweli, ambayo haihusiani na bei wala dadu, inabaki peke yake.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe uko hivi. Wachezaji wawili hupanga majeshi juu ya meza yenye vilima, magofu na misitu ya kuigiza. Hakuna vyumba kama vya drafti, umbali hupimwa kwa futi ya kamba, inchi kwa inchi. Ukishasogeza kikosi chako unainama hadi jicho liwe usawa wa meza na kuuliza: kutoka pale aliposimama, askari huyu anamwona adui, au kilima kimemkinga? Akimwona, dadu zinarushwa. Kwenye Warhammer 40,000, ambao ndio mchezo mkubwa kuliko yote ya aina hii, dadu ya kwanza inakuambia kama risasi imempata mtu, ya pili kama imemjeruhi, na ya tatu anairusha mwenzako kuona kama deraya imemwokoa askari wake. Chukua risasi kumi zinazopata kwa tatu na kuendelea, zinazojeruhi kwa nne na kuendelea, dhidi ya deraya inayookoa kwa nne na kuendelea. Kumi zinapungua kuwa sita na ushei, hizo zinabaki tatu na ushei, na mwisho wa hesabu umeua mtu mmoja au wawili. Mgeni hutarajia kumi, ndiyo maana wageni hushindwa. Baada ya raundi tano mchezo umekwisha, na pointi hutolewa kwa kushika maeneo yaliyotajwa tangu mwanzo. Nimewahi kuona mtu akibaki na askari mmoja na akashinda.

Ukoo wake ni wa kijeshi, hilo tusilifiche. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwasilisha kwa wakuu wake mchezo wa ramani, vipande na dadu uliokuja kutumika kuwafunza maofisa. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, yuleyule aliyewaandikia watu hadithi za wavamizi kutoka Mirihi, alichapisha kanuni za kupigana kwa askari wa bati kwenye sakafu ya sebule, vizinga vya kuchezea vikirusha vijiti vya mbao, na hakuficha kwamba angependa vita vya kweli vibaki na ukubwa huo. Mwaka uliofuata havikubaki. Michezo ya vita vya anga za mbali ilikuja baadaye: Games Workshop ilianza mwaka 1975 ikiwa kazi ya marafiki watatu jijini London, na mwaka 1987 ikatoa Warhammer 40,000, iliyobuniwa na Rick Priestley, ambamo binadamu wa miaka elfu thelathini na nane ijayo wanapigana na kila kiumbe na hawajui tena kwa nini walianza.

Nianze na watu wa fursa, kwa sababu wao ni rafiki zangu. Hawajakosea kwamba kuna pesa. Kampuni ile huingiza zaidi ya pauni milioni 500 kwa mwaka. Lakini pesa hizo hutoka kwenye mifuko ya aina fulani. Sanduku moja la kuanzia linauzwa Uingereza karibu pauni 100, yaani zaidi ya shilingi 300,000 kabla ya nauli na ushuru, na jeshi kamili la pointi 2,000 (kila askari ana bei yake kwa pointi), ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha mashindano, linataka masanduku kadhaa ya namna hiyo. Mtu wa Kibirizi mwenye laki tatu mkononi anawaza nyavu. Kisha kanuni zenyewe hubadilishwa: toleo la nane lilitoka 2017, la tisa 2020, la kumi 2023, na kila toleo hufanya baadhi ya vitabu vya nyuma kuwa karatasi ya kufungia maandazi. Mteja wa Nottingham amelizoea hilo na hulalamika huku akilipa. Mteja wa Mwanga atakwenda kumshika shati mwenye duka.

Hoja ya printa ina afya kidogo zaidi. Huko Lomé, Togo, mwaka 2013 Afate Gnikou aliunda printa ya 3D kwa kutumia taka za vifaa vya elektroniki, kwa hiyo anayesema teknolojia hii haifai kwa Afrika amechelewa. Ila printa zinazotoa vijisanamu vyenye nyuso na vidole vinavyoonekana hutumia rezini ya majimaji, ambayo kabla haijakauka huwasha ngozi, hutaka glovu na chumba chenye hewa, kuoshwa kwa spiriti na kukaushwa kwa taa maalumu. Kazi moja huchukua saa nyingi mfululizo, na umeme ukikatika katikati unabaki na nusu ya mtu. Mji huu uliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, sina haja ya kueleza zaidi. Isitoshe, kunakili vijisanamu vya kampuni na kuviuza ni kuvunja hakimiliki, na kampuni ile ina wanasheria. Printa ije, lakini ije kwa ajili ya karakana na vipuri, na askari wa anga wawe kazi ya Jumapili.

Wakati tunabishana kuhusu mtaji wa kuanzia, mchezo ulikwisha kuanza bila mtaji. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mvuvi wa dagaa alijikuta ana muda mwingi kuliko pesa. Kanuni za msingi za Warhammer za toleo la kumi zilikuwa zikipakuliwa bure, na wapo watunzi wengine, kama wale wa One Page Rules, wanaogawa bure kanuni fupi zinazotosha kurasa chache na zisizojali umenunua askari wa nani. Simu moja ilitosha. Majeshi yakawa vizibo vya soda, vyekundu upande huu, vya bluu upande ule, kwa sababu kila kijana wa nchi hii ameshacheza drafti ya vizibo na mkono unavijua. Hapa kuna jambo ambalo bado linanichekesha: kizibo cha chupa kina upana wa karibu milimita 29, na vitako vya askari wengi wa Warhammer, yaani vile vibao vya duara wanavyosimamia, ni vya milimita 28.5 au 32. Kwa kanuni zinazopima umbali kutoka ukingo wa kitako, kizibo kinaingia bila marekebisho, utadhani viwanda viwili viliandikiana barua. Futi ikaazimwa kwa fundi cherehani. Maboksi ya sabuni yakawa magofu, kokwa za chikichi zikawa miamba. Rafiki yangu mmoja wa Tabora alitaka kutuzidi akafinyanga jeshi zima kwa nta ya nyuki, wazuri mno, wenye kofia na mabegi mgongoni. Jua la Oktoba likawalaza wote kifudifudi kabla ya zamu ya pili.

Watakaosema hiyo ni michezo ya kimaskini, ya kuigiza tu, watazame Waingereza wenyewe. Gaslands, mchezo wa Mike Hutchinson uliotolewa 2017, ni wa magari yenye silaha katika dunia iliyoharibika, na unachezwa kwa vigari vya kuchezea vya kawaida ambavyo mchezaji huvibandika bunduki za mabaki. Watoto wa Gungu hutengeneza magari ya waya yenye matairi ya ndala tangu kabla sijazaliwa. Tofauti iliyopo ni kwamba Hutchinson aliandika kanuni.

Na kuandika ndiyo kazi kubwa ya Mwanga, ingawa hakuna anayeizungumzia. Kanuni za michezo hii ziko kwa Kiingereza cha kiwakili, kimejaa "endapo" na "isipokuwa", na kwa muda wote huu vijana wamekuwa wakizihamishia kwenye daftari la mistari kwa Kiswahili. Mwanzoni walitafsiri neno kwa neno wakashindwa kucheza, kila zamu ilihitaji hakimu. Waliokoka walipokumbuka wazee wa Ujiji wachezao bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi ambazo anaziingiza ubaoni moja moja. Kule kuingiza ndiko kuitwako kunamua. Vita vya mezani navyo vina vikosi vya akiba vinavyoingia mchezo ukiwa umeshaanza, na Kiingereza kinatumia aya nzima kulieleza hilo. Mwanga mtu anasema "nanamua" na hata mpita njia ameelewa. Zamu ya kusogea bila kumgusa adui ni kutakata. Pembeni mwa meza ni kimbi, kwa hiyo kikosi kinachozunguka ili kupiga kwa ubavuni kimepita kimbini. Eneo la pointi ni nyumba, na nyumba ikishaliwa heshima yake imekwisha. Kiongozi ni kingi, kizibo juu ya kizibo, kutoka kwenye drafti. Anayetaka kupiga mahali ambapo askari wake haoni huambiwa ameotea, neno ambalo mpira wa miguu umelibeba miaka yote hii likisubiri kazi hii. Mahali ambapo mimi na wazee hatujaafiki ni "mtaji". Vijana wanaliita hivyo fungu la pointi za kununulia jeshi, na mzee mmoja wa Ujiji amekataa kata kata: kwenye bao mtaji ni kula, haujawahi kuwa kununua. Daftari limeacha nafasi wazi hapo.

Nimelikawia daftari hili kwa sababu ndilo linaloondoa ile lawama ya mambo ya Wazungu kuliko hotuba yoyote. Lawama yenyewe haina mashiko makubwa. Biashara za kwanza za Games Workshop mwaka 1975 zilikuwa mbao za kuchezea walizozichonga wenyewe, na kati ya hizo ilikuwamo mankala, yaani jamaa wa bao. Kampuni inayosemekana kutuletea ugeni ilianza kwa kuuza mashimo yetu. Sijengi nyumba juu ya hoja hiyo. Mpira ni wa Wazungu na hakuna anayeuliza. Linalofaa kuulizwa ni kama mchezo umepata maneno yetu, na huu umeyapata.

Kwenye kamari sitakaa sana, maana ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo yenye sauti. Kamari ina viungo vitatu: dau, bahati na zawadi. Mlangoni Mwanga kuna bahati tu. Ilikuwapo desturi kwamba aliyeshindwa ananunua karanga, wakaiacha ili wasimpe mtu mdomo. Ludo ina dadu na iko kwenye kila nyumba yenye watoto, na mjumbe hajawahi kuitwa. Jirani aliyenisimamisha njiani kunilalamikia dadu za vijana alikuwa ameshika simu yenye mkeka wa mechi kumi na mbili. Nchi ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya mwaka 2003, madubwi yamejaa vibandani, na watu wazima wanachana mikeka kila wikiendi. Anayeogopa kamari Kigoma ana mahali pengi pa kuanzia kabla ya kufika kwenye mlango ambao hauna hata shilingi mia juu yake.

Hoja ya dini ni kitu kingine, na ni makosa kuichanganya na hiyo. Ipo hadithi mashuhuri ya Mtume inayokataza nardi, mchezo wa kale wa ubao na dadu, na wanazuoni wengi wameichukua kwamba inagusa dadu hata pasipo dau. Kijana wa Ujiji ambaye ustadhi wake amemwambia asiguse dadu hadanganywi, na mimi sina elimu ya kumjibu wala sababu ya kumshawishi. Yupo mmoja anayekuja, hachezi, ndiye mtunza daftari, na daftari ndilo mchezo. Ila niwaambie wapenzi wa bao wanaoidharau dadu kwamba haiwapunguzii akili wachezaji. Bao halina bahati, kila kete iko wazi mbele yako, aliyeshindwa ameshindwa na kichwa chake. Dadu inakupa swali jingine, ambalo mvuvi wa Katonga analijua: usiku hauna mwezi, taa zinawaka vizuri, nyavu hazina tundu, na bado unarudi na mtumbwi mtupu. Utafanya nini kesho? Mchezaji mzuri wa vita vya mezani hupanga zamu yake akijua kwamba theluthi ya mambo yake yatakataa. Sisemi kwamba hilo litamfanya kuwa mhandisi au jenerali. Watetezi wengine wamekuwa wakiuza mchezo huu kwa wazazi kama tuisheni ya hesabu, na wataumbuka matokeo yakitoka.

Inabaki ile nzito. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia vita kwa zaidi ya miaka hamsini: Warundi wa 1972, wa 1993, wa 2015, na Wakongo kutoka ng'ambo ya ziwa tangu 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Kuna nyumba hapa ambamo mlio wa fataki hufanya mtu mzima aingie chini ya meza. Mahali kama hapa, je, ni adabu vijana kukaa barazani wakicheka huku wakiua? Wanaosema kwamba kucheza vita huita vita siwaafiki. Sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji huu, waligawanyika na kuuana kwa miaka minne, 1974 hadi 1978, na hawakuwa na dadu. Lakini swali la adabu halijibiwi kwa mzaha. Wala halijibiwi kwa jibu ambalo wapenzi wa Warhammer hulitoa kila mara, kwamba dunia ile ya kutisha ni kejeli. Ni kweli ni kejeli, na Novemba 2021 kampuni yenyewe ilitoa tamko kwamba himaya ya binadamu katika hadithi zake ni ya kidhalimu na haikuwekwa iwe mfano. Kejeli inamhitaji msikilizaji anayejua inamkejeli nani. Ukiwa mpita njia unasikia tu vijana wakishangilia kwamba wamefuta kikosi kizima.

Mwanga walijaribu kwanza kuhama hadithi. Waliacha dunia ya Nottingham wakatunga yao, na msingi wake ni jambo la hapa. Mwaka uleule wa 1913 Wells alipochapisha kanuni zake, kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kilikuwa kimeunda meli, kikaifungua vipande, kikaifunga kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaja kwa reli ya kati, ikaunganishwa hapa na kuingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 imekuwa Liemba. Mji wetu, kwa maneno mengine, uliwahi kuunganisha sanduku kubwa kuliko lote ambalo mpenzi wa vijisanamu anaweza kuliota. Katika daftari ni mwaka 2915, Liemba ni chombo cha anga kilichotumwa kwa vipande kwenye sayari yenye ziwa moja, masanduku yametawanyika, na majeshi mawili yanayagombea. Ni mchezo mzuri sana. Bado ulikuwa ni wa kuua.

Mlango wanaochezea ni wa fundi seremala wa jirani, mtu aliyevuka ziwa 1996. Aliutengeneza, mteja hakurudi kulipa, ukawa meza. Alikuwa akitazama kwa wiki nyingi bila neno, randa mkononi. Siku moja akauliza, "Vijana, watu wako wapi?" Wakamwonyesha vizibo. "Si hawa, mzee." Akasema, "Hao askari. Nauliza watu." Akarudi kwenye mbao zake.

Jumamosi iliyofuata maharage kumi na mawili yalikuwa juu ya mlango. Mabishano ya kuyaandikia kanuni yalichukua wiki tatu na ndiyo mabishano bora niliyowahi kuyasikia Kigoma, nikihesabu na ya siasa. Harage linatembea inchi nne, askari inchi sita. Hakuna anayeruhusiwa kulilenga. Lakini risasi iliyokosa kwa dadu kuangukia moja inakwenda wapi? Wakaamua inakwenda kwa harage la karibu, na mpigaji ndiye anayeandikiwa. Je, kikosi kinaweza kujificha nyuma ya maharage? Kinaweza, wakasema, kwa sababu hutokea, ila kinapoteza nyumba. Na ikiwa hakuna harage hata moja lililovuka ukingo wa meza kufikia raundi ya tano, hakuna mshindi, hata kama una masanduku yote ya Liemba. Kanuni hiyo ya mwisho iliwafukuza wachezaji wawili, waliosema mchezo umegeuka shirika la misaada. Ninawaelewa. Michezo imekuwa mirefu, na mara mbili nimeenda nyumbani bila kushinda wala kushindwa.

Kwa hiyo anayeuliza kama vita vya mezani vinafaa Kigoma ananiuliza swali lisilokamilika, maana jibu liko kwa anayeandika kinachohesabiwa kuwa ushindi, na dukani kanuni huja zimeshaandikwa. Wenye mpango wa duka wasubiri. Mwenye kompyuta na muda aje achape lile daftari, kwa maneno ya vijana wenyewe, maana hakimiliki hulinda maandishi na picha za kampuni, hailindi wazo la kurusha dadu na kupima inchi. Walimu wa vilabu vya shule wanaoniuliza wapate wapi sanduku, waanze na vizibo na kurasa nne. Na wapinzani wetu wa dhati, wale wa adabu na si wale wa mikeka, waje wakae. Kuna nafasi kwenye kurasa za nyuma.

Wiki iliyopita yule mteja wa mlango alitokea, na pesa zake mkononi. Fundi alimwambia mbao za ule zimepinda, atamtengenezea mwingine.